Kucheka Mbele ya Balozi Mdogo

Nchi yenyewe ipo, ila msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa matengenezo mwaka juzi na fundi hajarudi. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji tu, maana kulitaja ukiwa nje ya mipaka kunahitaji kibali, na kibali hutolewa ndani ya mipaka. Mimi naitwa Kibwana Mzuzuri, mzaliwa wa huko huko, upande wa Bondeni. Darasa la kwanza nimelisoma mara mbili, la nne mara moja, na mengine nimeyaokota melini, majikoni kwa watu na kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki. Mkiona nimekosea mahali, sahihisheni kimya kimya.

Nilitoka nyumbani nikiwa na miaka ishirini na mbili. Sasa ninayo sabini na moja. Katikati hapo nimekaa nchi tisa, na sikumbuki hata moja iliyonililia nilipoondoka. Mwaka huu magoti yalianza kulalamika, na dada yangu Tatu, ndugu pekee niliyebaki naye, akaandikisha barua kwamba macho yake yanafifia na chumba cha nyuma kiko kitupu. Nikasema basi, narudi.

Ndipo nikajulishwa kwamba kurudi siwezi. Ninachoweza ni kuomba.

Nikiwa huko kwenye kuzurura kwangu, Bunge letu tukufu lilipitisha sheria kwa sauti moja, yaani ile ya Spika, kwamba mtu aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka kumi si raia tena, bali ni Mgeni Mwenye Asili. Mgeni Mwenye Asili anaruhusiwa kuitembelea nchi siku kumi na nne, alale hotelini, apige picha twiga, aondoke. Akitaka kulala kwa dada yake lazima awe na Ukaazi wa Kudumu, na maombi yake yapitie ubalozi mdogo, yeye mwenyewe akiwa nje. Tangazo lilieleza vizuri sana: "Ukiomba ukiwa ndani, umeshafika, sasa unaomba nini?" Nikaona wana haki.

Dirisha la maombi hufunguliwa mara moja kila miaka mitano. Mtu wa miaka sabini na moja, na dada wa sabini na nane, wakiambiwa miaka mitano wanatazamana tu.

Ubalozi mdogo wetu uko ghorofa ya tatu, juu ya duka la kunyoa mbwa. Hufunguliwa Jumanne, kuanzia saa nne mpaka saa nne na dakika arobaini. Dakika kumi na tano za kwanza ni wimbo wa taifa, beti zote, na kumi za mwisho ni za kufunga mlango. Katikati hapo serikali inachapa kazi.

Balozi Mdogo alikuwa Mheshimiwa Evaristi Ndomba, bwana mnene mwenye tai ya rangi za bendera na sauti ya mtu anayehutubia uwanja, hata akikuomba kalamu.

"Ndugu mwombaji!" akaniambia siku ya kwanza, akiwa amesimama, nami nikiwa peke yangu chumbani. "Serikali yako sikivu, ambayo siyo yako mpaka itakapoamua kwamba ni yako, inakukaribisha kwa mikono miwili! Usikae kwenye hicho kiti, ni cha wageni wa kitaifa."

Nikasimama. Akanipa fomu yenye maswali sitini na moja.

Swali la saba lilikuwa: Unaikumbuka nchi mara ngapi kwa siku? (Zisipungue tano.) La kumi na tisa: Taja mto mmoja ambao hujawahi kuusema vibaya. La thelathini: Je, una mpango wa kufa hivi karibuni? Kama ndiyo, kwa gharama za nani? Yote niliyajaza bila taabu, na mahali pengine kwa mashairi.

Nikafika la arobaini na nne. Mzazi wako alipofariki, nani alimzika? Kama si wewe, eleza ulikuwa unafanya jambo gani kubwa zaidi.

Niliandika: Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nisiwafiche, kalamu haikusita hata kidogo.

*

Fomu peke yake haitoshi. Lazima mwombaji aje na mtani wake.

Hapa inabidi nieleze, maana wasomaji wengine wamezaliwa juzi. Kwetu watu wa Bondeni na watu wa Majabali ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukuita nyani mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia msibani akaivaa yeye, anaweza hata kulala ndani ya kaburi la mzee wako na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Akifiwa yeye, unalipiza. Ni desturi ya bure, haina ofisi, na kwa sababu hiyo iliikera sana serikali. Ikaundiwa Idara ya Utani, ikapewa mkurugenzi, magari matatu na Mwongozo wa Matusi Yanayoruhusiwa, toleo la tatu.

Mheshimiwa Ndomba alinifafanulia sababu. "Mgeni anaweza kughushi cheti cha kuzaliwa. Anaweza kujifunza lafudhi. Lakini mtu wa kutukanwa usoni na akacheka, huyo ni mzawa wetu tu! Serikali ina uzoefu wa miaka mingi na jambo hili."

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Mtani anasimama mbele ya Balozi Mdogo, anakutukana, nawe unacheka. Ukicheka, yote aliyosema yanahesabiwa utani mtupu, hayaingii kwenye faili, na fomu yako inapita kama ulivyoijaza. Ukikasirika, wewe ni mgeni, na jalada linafungwa. Kicheko kionyeshe meno yasiyopungua manne. Mimi mbele ninayo matatu. Barua ya msamaha wa jino moja ilichukua Jumanne mbili.

Mtani ninaye. Anaitwa Bi Sikudhani, mtu wa Majabali, mama wa makamo yangu, mwembamba kama ufito, aliyekuja kwenye mji huu wa baridi miaka sita iliyopita kumlelea binti yake wajukuu. Tulikutana sokoni, nikasikia anabishana na muuza vitunguu kwa lafudhi ya kwetu, nikamwambia watu wa Majabali hawajui kitunguu, wanakijua kwenye picha. Akageuka, akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akasema, "Loh! Kumbe vyura wa Bondeni siku hizi wanavaa makoti." Toka hapo tukawa tunatukanana kila wiki kwa amani kabisa.

Nilipomwomba aje kunishuhudia, akauliza, "Nini hasa wanataka kujua?"

"Wewe nitukane tu, mtani. Kama kawaida."

"Kama kawaida," akasema. Hakucheka.

*

Jumanne ya jaribio tuliimba wimbo wa taifa watu watatu. Bi Sikudhani alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu na juu yake koti la mjukuu. Mheshimiwa Ndomba akafungua faili, akaweka Mwongozo wa Matusi upande wa kulia, na upande wa kushoto karatasi yenye viboksi vitatu: Amecheka. Amekasirika. Hakuelewa.

"Mama shahidi, una uhuru kamili," akasema. "Anza na ukurasa wa nne."

Bi Sikudhani akausukuma Mwongozo pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa sahani ya chakula kilicholala.

"Huyu," akasema akininyooshea, "huyu chura mnayemwona hapa, bwana mkubwa, kwao hawaogi mpaka mto ufurike, wakisema wanasubiri maji yaje yenyewe."

Nikacheka, meno yote matatu. Mheshimiwa akaandika.

"Babu yake aliposikia kuna shule, alipeleka mbuzi kwanza, akaone kama atarudi mzima."

Nikacheka sana. Ni kweli, babu alikuwa mtu wa tahadhari.

"Vyema! Vyema kabisa!" Mheshimiwa akafurahi. "Sasa tunahakiki majibu. Swali la arobaini na nne. Nani alimzika mzazi wako? Jibu la mwombaji: Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mama shahidi, tunaomba utani unaohusu eneo hilo."

"Soma tena," Bi Sikudhani akasema.

Akasoma tena.

Mtani wangu akanitazama. Macho yake yalikuwa yale ya siku ya vitunguu. Nikajiambia, hajui. Atajuaje?

"Mikono yake!" akaanza, na sauti yake ilikuwa bado ya utani, juu, ya kuchekesha watu. "Mikono ya chura huyu, bwana mkubwa, ilikuwa imeshika mfuko wa plastiki! Nyumbani alikuwa ameandika barua kwamba ni mkurugenzi wa hoteli. Basi mama yake alipofariki, ukoo mzima uliazima lori kwenda kumpokea mkurugenzi uwanja wa ndege na mizigo yake. Na mimi nimo, maana msiba wa watani wangu siukosi. Tumesimama nje ya kioo. Namwona anakuja, kakoti kafupi, mfuko mmoja. Nikajisemea, loh, mizigo ya mkurugenzi iko wapi? Naye akatuona. Akaliona lori. Akageuka, bwana mkubwa! Kama kuku aliyeona kisu! Akarudi alikotoka, na sikumwona tena mpaka sokoni kwenye vitunguu."

Yote ni kweli. Nilikuwa naosha sahani. Wenzangu wa jikoni walinichangia tiketi ya kwenda na kurudi, mmoja wao akaniazima koti. Kwenye mfuko mlikuwa na sabuni ndogo ndogo za hotelini, ndizo zawadi nilizozipata. Nilimwona dada Tatu kwenye kioo, kajifunga kanga kichwani, kaupa mgongo mlango, anawaonyesha watu mahali pa kusimama ili mizigo ipite. Uwanja wetu ni wa ajabu, kutoka ni rahisi kuliko kuingia. Bwana wa muhuri alinigongea wa kuondoka kabla hajanigongea wa kufika, wala hakuinua uso. Saa saba mchana nilikuwa hewani. Baadaye nikamwandikia Tatu kwamba ndege ilizuiwa njiani na theluji. Tatu hajawahi kuona theluji. Aliiamini kama tunavyoviamini vitu vya mbali.

"Mwombaji," Mheshimiwa akanong'ona, kalamu ikiwa tayari, "unaombwa kucheka."

Nilijua. Nilichotakiwa ni kucheka tu. Nikicheka, ni utani, hauandikwi, na chumba cha nyuma ni changu. Nikafungua mdomo. Meno yakaonekana. Sauti ikagoma.

Bi Sikudhani akaona. Akaongeza haraka, kama mtu anayemsukumia mwenzake mlango ufunguke, "Na mimi mjinga nikarudi kwa wenzangu penye lori nikawaambia ndege imechelewa! Sikusema nimemwona. Nikafikiri, labda atapata haya, atapanda gari, atakuja. Maziko yalikuwa adhuhuri. Kaburi limeshachimbwa, shehe anatazama jua. Tatu akaniambia, mtani, nisaidie. Basi nikaingia kaburini nikalala! Nikasema sitoki mpaka nipewe kuku. Wakaleta kuku. Nikasema sitaki huyu, ana jicho baya. Wakaleta wa pili. Nikasema huyu anafanana na shangazi yangu. Watu wanacheka! Mpaka alasiri imeingia hawacheki tena. Shehe ananifokea, maiti ya mama wa watu iko juani, nami nimelala kwenye udongo natazama mbingu, nasikiliza kama kuna gari. Wakanitoa kwa nguvu, wanaume wanne. Huyo ndiye chura wenu, bwana mkubwa. Haya, cheka."

Akanisogelea, akasema chini chini, "Cheka basi, Kibwana. Nimekuja ucheke."

Hilo la kaburini sikuwa nalijua. Miaka kumi na minane nimeijua sehemu yangu tu, ile ya kioo. Nilikuwa nimeizoea, nimeisugua mpaka ikawa na kona laini, nikitembea nayo nchi kwa nchi. Sikujua mtu alikuwa amelala shimoni akinisikilizia gari. Nililia mbele ya serikali, mzee mzima, na kamasi.

*

Mheshimiwa Ndomba alitazama viboksi vyake kwa muda mrefu. Mwombaji hakucheka. Hakukasirika. Hakuelewa? Inaonekana alielewa. Akageuza karatasi, labda nyuma kuna kingine. Mlango ukafungwa kwa dakika zake kumi, tukaambiwa turudi Jumanne nyingine, na katikati ya hapo simu ikapigwa Wizarani.

Jibu lilikuja kwa maandishi na tulisomewa tukiwa tumesimama. "Wizara imepitia suala la mwombaji aliyeona aibu. Jambo hili halimo kwenye sheria. Wizara imeuliza ofisi zote, kuanzia juu kabisa, kama yupo mtumishi aliyewahi kuona aibu, ili atoe uzoefu. Hakupatikana. Kwa kuwa hakuna mtumishi wa aina hiyo, na kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kuionea haya nchi isiyo yake, Wizara inaamua kwamba hii ni hali ya mzawa wa kawaida. Chora kiboksi."

Mheshimiwa akachukua rula, akachora kiboksi cha nne, akaandika pembeni yake: Ameona Aibu (kwa muda). Akaweka alama. Alikuwa amependezwa, kama mtu anayezindua daraja.

"Hongera! Umefaulu! Isipokuwa," akaketi, "kwa kuwa hukucheka, maneno ya shahidi yameingia kwenye faili, na jibu la arobaini na nne sasa ni la uongo. Utaandika maelezo ya marekebisho. Yatapelekwa nyumbani, yatasomwa kwa sauti na mtendaji wa kijiji mbele ya ndugu wa karibu aliye hai. Ndugu huyo ataweka alama: Anapokelewa, au Hapokelewi. Una ndugu wa karibu?"

"Dada yangu. Tatu."

"Barabara. Au unaweza kuondoa maombi. Basi hakuna kitakachosomwa popote."

Niliwaza kuondoa. Naandika hivi bila kujipamba: niliwaza sana. Ningebaki na dada anayeiamini theluji. Ningemwandikia kwamba serikali imenikatalia, naye angeilaani serikali, na serikali imeshazoea.

Mheshimiwa alikuwa mtu mwema, kwa namna yake. Akaona ninavyohangaika, akavuta karatasi. "Serikali haitaki kumvunjia mtu heshima, mzee wangu. Ni suala la uandishi tu. Sikiliza." Akasoma akiandika: "Mwombaji aliwasili uwanjani kwa mujibu wa ratiba, akafanya tathmini ya mazingira ya mapokezi, na kwa kuzingatia hali halisi akaahirisha hatua iliyobaki. Unaonaje? Hapo hakuna uongo hata mmoja. Dada yako akisomewa, hataelewa kitu."

Ilikuwa kazi safi sana. Nilimwangalia Bi Sikudhani, ambaye alikuwa amekuja tu kwa sababu nilimwomba, na alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wageni wa kitaifa bila kuulizwa na mtu.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mimi nilishalala kaburini. Zamu yako."

Nikachukua kalamu. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, herufi zinagombana. Niliandika kwamba nilifika. Kwamba sikuwa mkurugenzi, nilikuwa naosha sahani. Kwamba hakukuwa na theluji. Kwamba nilimwona Tatu kwenye kioo akiwapanga watu, nikaona aibu ya mfuko wangu, nikarudi nikamwacha na mama juani. Nikaweka jina.

Mheshimiwa akasoma, uso ukamsawijika. "Lakini mzee, hii haina lugha ya kiserikali hata sentensi moja."

"Haina, Mheshimiwa."

"Itabidi niambatishe barua ya kuiombea radhi."

Akaiambatisha.

*

Majibu yalichukua wiki kumi na moja. Kila Jumanne nilipanda ghorofa tatu, nikaimba beti zote, nikaambiwa bado. Magoti yangu sasa yanaujua wimbo wa taifa kuliko mimi.

Jumanne ya kumi na moja bahasha ikawepo. Mheshimiwa Ndomba aliikata kwa kisu cha karatasi, akatoa fomu, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mtendaji wa kijiji alikuwa amethibitisha kwamba maelezo yalisomwa mara mbili, ya pili kwa ombi la mhusika. Viboksi vyote viwili vilikuwa vitupu. Chini yake, pembeni mwa ukurasa, mtendaji alikuwa ameandika maneno aliyoambiwa ayaandike, na kidole gumba cha dada yangu kimegandamizwa juu yake, wino umetapakaa.

Mheshimiwa akasoma kwa sauti yake ya uwanjani, ila katikati ikamshuka yenyewe.

"Aje. Akifika apite kwa mama kwanza, kabla ya nyumbani. Chakula kitakuwepo. Lakini aambiwe kwamba safari hii sitamngoja."

Akaweka karatasi mezani.

"Hili si jibu," akasema, kama anayelalamika. "Hii ni ndiyo au ni hapana?"

Bi Sikudhani alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Hakugeuka.

"Andika ndiyo, Mheshimiwa," nikasema.

Akaandika ndiyo. Akagonga muhuri mmoja, wa pili, wa tatu, akaupuliza wino ukauke. Kisha, kwa kuwa zilibaki dakika mbili za kazi, akaniuliza kama ningependa serikali iwajulishe ndugu zangu tarehe na saa ya kufika, wapate kujiandaa kunipokea. Ni huduma ya bure.

Nikamwambia asiwajulishe.